Karanga za Kongwa: wataalamu tele, na hakuna aliyeuliza

Tuanze na hesabu, maana hadithi hii ni tamu zaidi ukiisoma kwa namba.

Februari 1947 serikali ya Uingereza ilichapisha mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki na Kati. Eneo: ekari 3,210,000, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika na kiasi kidogo Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mashamba: 107, kila moja ekari 30,000. Gharama: karibu pauni milioni 24. Muda: miaka sita. Mavuno yaliyotarajiwa mradi ukishakomaa: tani 600,000 kwa mwaka.

Lengo la mwaka wa kwanza pale Kongwa lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Mwaka ulipoisha, zilizosafishwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali hiyo hiyo ikatangaza kwamba mradi kama ulivyopangwa basi tena, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kama hasara.

Kama umesoma shule Tanzania, huenda uliwahi kuusikia mradi huu kwa sentensi mbili: Waingereza walikuja kulima karanga, ardhi ikawakataa. Sentensi hizo si za uongo. Ila zinatupa jibu jepesi mno, eti tatizo lilikuwa udongo. Mimi nasoma mambo ya jinsi taasisi zinavyojifunza, na kila nikirudi Kongwa naona udongo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni swali linalokuhusu hata wewe unayesoma hapa ukiwa kazini: inakuwaje shirika lenye fedha, wasomi, mashine na watu wenye ari lishindwe kujua jambo ambalo jirani yake anajua?

Njoo tulifuate swali hilo pole pole.

Kwa nini walikuwa na haraka

Kwanza tuwatendee haki. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini Uingereza ilikuwa bado inakula kwa mgao. Mafuta ya kupikia na siagi vilikuwa haba. Serikali ya chama cha Labour chini ya Clement Attlee ilitaka kuwaonyesha wananchi kwamba amani inalipa, na Waziri wa Chakula, John Strachey, ndiye aliyebeba mzigo huo.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipeleka wazo serikalini: Tanganyika ina ardhi pana isiyo na watu wengi, tukilima karanga kwa mashine, kwa eneo kubwa, tutapata mafuta. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ambaye alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Kwa hiyo usidhani walitumwa watu wasioijua nchi. Walikaa wiki kadhaa tu, wakasafiri umbali mkubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Ripoti ikakubaliwa.

Tafadhali weka akilini jambo moja hapa, tutalirudia: hakukuwa na shamba la majaribio. Hakuna aliyesema, "Jamani, tulime ekari mia tano kwa misimu miwili kwanza, tuone." Njaa ya mafuta iliwaambia hakuna muda. Kutoka kwenye karatasi wakaruka moja kwa moja mpaka ekari milioni tatu.

Maarifa yalikuwepo, tena karibu

Watu wakizungumzia Kongwa husema "hawakujua." Mimi nataka kukuuliza: nani hakujua? Maana ukitazama vizuri, maarifa yaliyohitajika yalikuwepo sehemu tatu angalau.

Sehemu ya kwanza ni Ugogo kwenyewe. Kongwa ipo katika nchi ya Wagogo, nyika kavu ya katikati, yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haina ahadi. Mwaka huu inanyesha, mwaka ujao inakatika katikati mmea ukiwa umechanua. Wagogo walilijua hilo kwa gharama ya maisha. Njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, waliyoiita Mtunya, ilikuwa bado kumbukumbu ya watu wazima mwaka 1947. Ndiyo sababu walitegemea mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua, na ng'ombe juu yake. Ng'ombe ana miguu: mvua ikihama, naye anahama. Huo mfumo wote wa maisha ulikuwa ni ripoti ya hali ya hewa iliyoandikwa kwa vizazi. Ila haikuwa kwenye karatasi.

Sehemu ya pili ni Mpwapwa, mji jirani kabisa na Kongwa. Hapo palikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi ya Wajerumani, nacho kiliendelea chini ya Waingereza. Yaani serikali ya kikoloni yenyewe ilikuwa na wataalamu wake jirani, wakichunguza malisho, maji na mifugo ya nyika ile ile. Kuwepo kwa kituo hicho mahali pale ni dokezo tosha la nchi hiyo inafaa nini.

Sehemu ya tatu inachekesha kidogo, ukipenda kucheka kwa uchungu. United Africa Company, kampuni iliyoleta wazo, ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karanga Afrika Magharibi. Kaskazini mwa Nigeria, kuzunguka Kano, wakulima wadogo kwa majembe yao ya mkono walikuwa wanazalisha karanga nyingi kiasi kwamba magunia yalipangwa kuwa piramidi, yakisubiri mabehewa ya reli. Soma tena: karanga zilikuwepo, zimevunwa, zimefungwa, na kilichokosekana ni treni! Kampuni ilijua kwamba mkulima mdogo anaweza kulisha soko. Lakini maarifa ya idara ya ununuzi kule Nigeria hayakugeuka kuwa swali kwenye mpango wa Tanganyika.

Kwa hiyo wakulima walijua, idara ya serikali ilijua, kampuni ilijua. Shirika lililopewa kazi halikujua. Hilo ndilo somo la kwanza la taaluma yetu, na nitalisema kwa Kiswahili cha mtaani: mtu kujua na ofisi kujua ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuwa na wafanyakazi mia mbili wenye akili nzuri na bado ofisi yenu ikawa haijui kitu, kwa sababu hakuna njia ya kutoa kilicho kichwani mwa mmoja kikafika kwenye uamuzi wa mwingine.

Nisije nikaeleweka vibaya, sisemi kwamba mzee yeyote wa Kigogo angeulizwa basi mradi ungefaulu. Wenyeji hawakuwahi kulima karanga kwa matrekta katika maelfu ya ekari, hakuna aliyewahi. Maarifa yao yalikuwa ya mashamba madogo na ya kuepuka njaa. Lakini yalitosha kuibua swali, na swali lingetosha kudai jaribio.

Kilichotokea shambani

Timu ya kwanza ilifika Kongwa mapema 1947. Maelfu kwa maelfu ya askari waliomaliza vita walikuwa wameomba kazi, kwa hiyo ari haikukosekana. Shida zikaanza bandarini. Dar es Salaam haikuwa na gati za kupokea mizigo ya ukubwa ule, na reli ya kati ilikuwa njia moja tu. Matrekta mapya hayakupatikana, basi yakanunuliwa mabaki ya vita, mengi kutoka Ufilipino. Yalifika yamechoka. Vipuri vya aina hii havikuingia kwenye mashine ya aina ile. Walifika hadi kutengeneza matrekta kutokana na vifaru vya kijeshi, yakaitwa Shervick.

Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyosokotana chini kuliko ilivyoonekana juu, na mizizi hiyo ilivunja majembe ya mashine. Mibuyu nayo haikuwa ya kusukuma mara moja. Halafu udongo. Ule udongo wa mfinyanzi ukinyeshewa unafanya kazi vizuri. Jua likiupiga unakuwa kama tofali. Sasa karanga, unajua, inazaa chini ya ardhi. Mvua zikiisha, ndipo unapotaka kuing'oa, na ndipo ardhi inapokuwa imekauka ikashika. Juu ya hayo, chembe za mchanga mgumu zilikuwa zinasaga vyuma vya mashine kama msasa.

Na wafanyakazi? Hapa ndipo neno "utendaji" linapoingia. Ukisoma maandishi ya miradi ya kikoloni utakuta mara nyingi lawama za kazi mbovu zinashushwa hadi kwa dereva na kibarua. Lakini fikiria hali yenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuendesha gari anafundishwa haraka haraka, anapandishwa juu ya tingatinga lililochakaa, lisilo na vipuri, anaambiwa asafishe ekari kadhaa kwa siku. Likivunjika, nani kashindwa? Ukimweka fundi hodari katika mfumo mbovu, mfumo ndio utakaoshinda. Watafiti wa leo wanaopima utendaji wa wafanyakazi wangekuambia utenganishe vitu vitatu: uwezo wa mtu, ari yake, na nafasi aliyopewa ya kufanya kazi. Kongwa ari ilikuwepo, uwezo ungejengeka, nafasi haikuwepo.

Kumbuka pia kwamba Septemba mwaka huo huo wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, kwa sababu mishahara haikuendana na bei za vitu, na mgomo ukaenea bara kwa kufuata reli. Kwa shirika linalojua kujifunza, mgomo ni taarifa. Watu wanakuambia kitu kuhusu gharama, chakula na makazi ambacho hakimo kwenye majedwali yako. Kwa shirika lisilojua kujifunza, mgomo ni usumbufu tu wa ratiba.

Kujifunza kupo kwa aina mbili

Sasa ngoja niwatetee tena, maana si kweli kwamba watu wa Kongwa hawakujifunza kitu. Walijifunza sana! Waligundua kwamba ukifunga mnyororo mzito, wa aina ya nanga za meli, kati ya matingatinga mawili yakaenda sambamba, vichaka vinalala kwa kasi kubwa kuliko kusukuma mti mmoja mmoja. Walianzisha karakana. Walifundisha madereva na mafundi wengi. Waliongeza alizeti pale karanga ziliposumbua. Walitafuta majembe ya mashine yenye vyuma vigumu zaidi.

Mwaka 1978 wasomi wawili wa Marekani, Chris Argyris na Donald Schön, walitoa kitabu kuhusu kujifunza kwa taasisi, na ndani yake kuna tofauti ambayo tangu hapo kila mwanafunzi wa fani hii anaisoma. Wanasema kuna kujifunza kwa mzunguko mmoja na kuna kujifunza kwa mizunguko miwili. Chukua jokofu la nyumbani. Ndani lina kidude kinachopima baridi: joto likipanda, mota inawaka, likishuka, inazimika. Kidude hicho "kinajifunza" kila dakika, lakini hakitajiuliza hata siku moja kama nyuzi joto ulizoweka zinafaa, au kama mlichohifadhi humo kinahitaji jokofu kweli. Kurekebisha kosa bila kugusa lengo ndio mzunguko mmoja. Kurudi nyuma na kulihoji lengo lenyewe ndio mzunguko wa pili.

Kongwa walikuwa mabingwa wa mzunguko mmoja. Kila kikwazo kilipata ufumbuzi wa kiufundi: mizizi migumu, tafuta chuma kigumu, matrekta hayatoshi, geuza vifaru, ekari hazifiki, punguza lengo la mwaka. Swali la mzunguko wa pili, yaani "je, hapa ni mahali pa karanga?", lilichelewa kwa miaka mitatu na mamilioni ya pauni.

Kwa nini lilichelewa? Hapo kuna mambo matatu, na naomba uyasome ukiwa unaifikiria ofisi yako mwenyewe.

La kwanza, kipimo. Mradi ulipimwa kwa ekari zilizosafishwa. Ekari zinahesabika, zinaingia kwenye ripoti, zinasomeka Bungeni London. Lakini ekari haiwi karanga mpaka mvua inyeshe, udongo ulegee na mavuno yatoke. Watu wakipimwa kwa ekari watakuletea ekari. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alikuwa anafanya kile alichoambiwa ndicho kazi.

La pili, nani anakagua nini. Machi 1948 mradi ulihamishiwa kwa shirika la umma, Overseas Food Corporation. Wakefield, mwandishi mkuu wa ule mpango wa 1946, akawa mjumbe wa bodi. John Rosa, mwenzake kwenye ujumbe ule, naye akawa mjumbe wa bodi. Fikiria: walioandika utabiri ndio walioketi kuhukumu kama utabiri ni sahihi. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, ni vigumu kuwa wa kwanza kusema mtoto wako ana kasoro. Wote wawili waliondolewa kwenye bodi mwishoni mwa 1949, na wakati huo fedha nyingi zilishazama.

La tatu, kumbukumbu. Wakaguzi wa hesabu walipopitia vitabu vya shirika vya mwaka ulioishia Machi 1949, walieleza wazi kwamba kumbukumbu za hesabu hazikutunzwa inavyotakiwa. Msomaji, hili si jambo la wahasibu peke yao. Kama hujui trekta namba fulani limekula vipuri vya kiasi gani, huwezi kujua ekari moja inakugharimu shilingi ngapi. Na kama hujui ekari moja inakugharimu ngapi, huna jinsi ya kujua kwamba unapotea. Stoo iliyovurugika ni ubongo uliovurugika.

Hata idara ya habari ya shirika ilikuwa na mtu aliyeyaona haya. Alan Wood, aliyefanya kazi hapo, alijiuzulu, akaandika kitabu kuhusu sakata hilo mwaka 1950. Nadhani kuna jambo la kutafakari hapo: taarifa zilizopaswa kupanda ngazi za ofisi zilitokea mlangoni, zikaenda dukani kuuzwa kama kitabu.

Maarifa yasiyosemeka

Pengine unawaza, "Sawa, wangeuliza. Wangejaza dodoso, wangeweka ripoti kwenye faili." Hapana, si rahisi hivyo.

Mwanafalsafa Michael Polanyi, ambaye kwanza alikuwa mkemia, alieleza katika kitabu chake cha 1966 kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua hatuwezi kukieleza kwa maneno. Muulize mama yako ugali umeiva saa ngapi. Atakuambia, "Utauona tu." Hakufichi siri, ujuzi wake upo kwenye mkono unaosonga mwiko na pua inayonusa. Mkulima wa nyika anayeokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole na kusema "bado", ana ujuzi wa namna hiyo hiyo. Dodoso halitaukamata.

Miaka mingi baadaye Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi waliliweka jambo hili katikati ya fani ya usimamizi wa maarifa, katika kitabu chao cha 1995. Mfano wao maarufu ni wa kampuni ya Matsushita huko Osaka, iliyokuwa inaunda mashine ya kuokea mkate nyumbani katika miaka ya 1980. Mikate ilitoka mibaya, na vipimo vya maabara havikuonyesha kwa nini. Mtaalamu wa programu Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini humo, akawa mwanagenzi wake. Kwa kutazama na kurudia ndipo akaona kwamba yule bwana alikuwa anauvuta unga huku anausokota. Mwokaji hakuwahi kulisema. Tanaka akarudi kazini, akawaeleza wahandisi ule msokoto, na mashine ikaundwa upya ipate kuufanya.

Unaona tofauti? Matsushita walituma mtu akae, afanye, akosee, arudie, kisha ageuze alichoshika mkononi kiwe kitu ambacho wenzake wanaweza kukitumia. Ujumbe wa 1946 ulisafiri sana kwa ndege. Ukiwa juu angani nyika ya Kongwa inaonekana tambarare, tupu, ya bure. Utupu huo nao ulikuwa taarifa: kwa nini watu wanaojua kulima hawajaijaza nchi hii mashamba? Ila swali hilo huulizwa na mtu aliyeshuka chini. Waswahili tunasema kuuliza si ujinga. Kongwa inatufundisha kwamba kuuliza kuna gharama pia: kunahitaji muda, unyenyekevu, na mtu wa kukaa chini na mwenyeji msimu mzima.

Baada ya karanga

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ambayo haisimuliwi sana. Baada ya 1951 kilichobaki kikawa kidogo, na kwa kuwa kidogo, kikaanza kujifunza. Katikati ya miaka ya 1950 mali za mradi zilikabidhiwa kwa Tanganyika Agricultural Corporation. Kongwa pakafanywa ranchi ya ng'ombe. Ng'ombe! Kile ambacho Wagogo walikuwa wanafanya, na ambacho wataalamu wa Mpwapwa walikuwa wanakitafiti. Urambo, upande wa Tabora, ambako nako karanga zililimwa, wakulima walipewa mashamba wakageukia tumbaku, na tumbaku ikashika kweli kweli. Kusini, bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea bado ipo inafanya kazi, ingawa reli yake iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kongwa baadaye ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika.

Hayo ndiyo matunda ya mzunguko wa pili. Swali liligeuka kutoka "tulimeje karanga hapa" likawa "hapa panafaa nini, na nani anajua".

Lakini je, somo lilikaa? Mwaka 1961 ujumbe wa Benki ya Dunia uliishauri Tanganyika, pamoja na mambo mengine, kuanzisha makazi mapya ya wakulima yenye mtaji mkubwa, usimamizi wa karibu na mashine. Serikali ikaanzisha vijiji vya namna hiyo. Gharama zikawa kubwa, wakulima wakawa na madeni, mashine zikasimama, na mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba mtindo huo hautaendelezwa. Miaka 15 tu ilikuwa imepita tangu Kongwa, katika nchi ile ile. Waliojua uchungu wa Kongwa wengi walikuwa wameshapanda meli kurudi kwao, na waliobaki, wale madereva, mafundi na vibarua, hakuna aliyewaita kwenye mkutano wa mipango.

Kwa hiyo maarifa hayapotei kwa sababu watu ni wasahaulifu. Yanapotea kwa sababu tunayaacha yakae ndani ya watu, halafu watu wanaondoka.

Sasa, wewe na ofisi yako

Sitaki kukupa orodha ya dawa kumi. Nitakuachia maswali manne tu, ukayajaribu Jumatatu kazini, iwe unafanya kazi halmashauri, benki, hospitali au kampuni ya watu watatu.

Mradi wenu mkubwa wa mwaka huu, ulijaribiwa kwa udogo mahali fulani kabla ya kupelekwa kila tawi? Kama jibu ni "hakukuwa na muda", basi unajua nani mwingine alisema hivyo.

Kipimo mnachopimwa nacho kinapima kazi au kinapima ekari? Idadi ya semina, idadi ya wateja waliosajiliwa, idadi ya ripoti: vyote hivyo vinaweza kupanda huku karanga hazipo.

Habari mbaya ikianzia kwa mtu wa chini kabisa, tuseme dereva, mtunza stoo au muuguzi wa zamu ya usiku, inachukua siku ngapi kumfikia mwenye uwezo wa kubadilisha mpango? Na ikimfikia, yule aliyeileta anashukuriwa au anaitwa mkorofi?

La mwisho. Mzee wa masijala au fundi mkuu anayestaafu mwaka huu, nani amekaa naye? Simaanishi ile sherehe ya kuagana na cheti. Namaanisha kukaa naye kama Tanaka alivyokaa na mwokaji: wiki kadhaa, ukitazama mikono yake. Ripoti ya makabidhiano ya kurasa tatu itakuambia funguo ziko wapi. Haitakuambia kwa nini mashine ile ya pili lazima iwashwe kwanza.

Kama una jibu la hata moja kati ya hayo, tuandikie hapo chini. Hasa kama unatoka Kongwa, Nachingwea au Urambo na kuna mzee nyumbani aliyewahi kushika usukani wa lile tingatinga, au mtoto wake anayekumbuka alichosimuliwa. Wao wamesubiri kuulizwa tangu 1947.